Miaka Kumi na Moja ya Kuchagua Ekzosi

Jumanne ile gazeti lilikuwa mikononi mwa Kanuni, na gazeti likishaingia mikononi mwa Kanuni hakuna mwenye amani. Huyu bwana alipiga mihuri kwenye ofisi ya leseni miaka thelathini, hajawahi kuendesha hata baiskeli, lakini kiti chake kijiweni petu ni kile cha dereva. Alishika usukani kwa mkono mmoja, akakohoa, akatusomea kwamba kuanzia mwezi ujao manispaa itaweka barabarani mashine ya kupima kelele za magari, na gari litakalozidi kipimo litazuiwa hapo hapo.

"Hii ni sheria nzuri," akasema, kana kwamba ameitunga yeye.

"Hiyo ni husuda," akajibu Spika kutoka kiti cha nyuma.

Niwaeleze kwanza tulikokaa, maana najua mnashangaa kijiwe chenye usukani. Wenzetu wana mabenchi, wengine wana magogo, sisi tuna gari. Ni gari la zamani la rangi ya krimu, lenye boneti refu kuliko busara ya watu wanaokaa ndani yake. Urefu wa boneti ni kwa sababu ya injini: silinda sita, zote zimepangwa mstari mmoja, moja nyuma ya nyingine. Lilikuwa limesimama kati ya banda langu la kunyolea na kibaraza cha Mzee Saa miaka kumi na moja, na kila mtu alikuwa na kiti chake humo, hati tu ndizo hatukuwa nazo.

Kanuni kwa dereva. Pembeni yake Nondo, fundi wa kuchomelea mageti, kila mashine yake inapopumzika, na mashine ya Nondo inapenda sana kupumzika. Nyuma tulikaa mimi na Spika. Nasema tulikaa, ila kwa kweli Spika ndiye aliyekaa, mimi nilijazwa kwenye nafasi iliyobaki. Huyu anauza spika kuukuu za muziki, zile kubwa zenye sumaku nzito, na ghala lake lilikuwa buti la gari hilo hilo, bila ruhusa ya mtu. Shangazi, muuza kahawa, alipanga vikombe vyake juu ya boneti. Msimamizi wa gari, Mzee Saa, fundi wa saa za mkononi, alikaa kwenye kigoda kibarazani na lenzi yake jichoni, kwa sababu ndani palikuwa pamejaa.

Mambo ya ekzosi, yaani bomba la moshi, yalianza hivi. Gari ni la dada yake Mzee Saa, mkunga, mwanamke aliyelitumia kuwafuata akina mama wenye uchungu usiku na mchana. Siku alipohamishiwa kituo cha mbali, ekzosi iliyooza ilimwangukia hapa hapa mbele ya kibaraza. Akamwachia mdogo wake funguo na maneno manne: "Nibadilishie ekzosi, nitarudi kulichukua." Mzee Saa anaweza kufungua saa ndogo kama kifungo cha shati na kuifunga tena bila kubakiza skrubu, lakini habari za mabomba zilimtia wasiwasi. Akafanya kosa analolijutia mpaka leo. Alituuliza sisi.

Tulianza kumshauri enzi namnyoa nywele nyeusi. Ekzosi ya kwanza aliyoileta tuliikataa kwa kuwa nyembamba. Ya pili tukaikataa kwa kuwa nene. Ya tatu hatukuikataa, tuliiahirisha, ikaoza ikisubiri kikao. Kila Jumapili asubuhi aliiwasha injini dakika kumi ili isikauke, mtaa mzima ukaamka kwa hasira, naye akatuuliza kwa upole, "Jamani, mmefikia wapi?" Tukamwambia tuko karibu.

Na hapa niseme ukweli, kwa sababu kinyozi hapaswi kudanganya huku ameshika wembe. Hakuna hata mmoja wetu aliyetaka ekzosi ipatikane. Gari likipata ekzosi litaondoka, na likiondoka tutakaa wapi? Hatukuwahi kulisema hilo kwa sauti. Ila kila mjadala ulipokaribia kuiva, mmoja wetu aliumwagia maji, na wengine wakamshukuru kwa macho.

Basi turudi Jumanne. Spika alisema manispaa haijui muziki. Gari la silinda sita za mstari mmoja kulinyamazisha, alisema, ni sawa na kuoa mwimbaji halafu umkataze kufungua mdomo. Yeye msimamo wake ulikuwa ule ule wa miaka kumi na moja: bomba moja lililonyooka, nene kama paja, bila sailensa ya kumeza kelele. Ili tusikie faida yake akavuta pumzi akaiga mngurumo kwa koo, kuanzia gia ya kwanza mpaka ya nne, na vikombe vikacheza juu ya boneti.

"Debe tupu haliachi kuvuma," akasema Shangazi, bila kuinua macho kwenye birika.

Kanuni alitaka ekzosi ya kiwandani, kama ilivyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kitabu hicho hajawahi kukiona, lakini alitaja mpaka kurasa. Nondo akasema kiwanda kiko mbali na yeye yuko hapa, na bomba analo, limebaki kwenye kazi ya wiki iliyopita.

"Kazi gani?" nikamwuliza.

"Geti."

"Bomba la geti si lina pembe nne, wewe?"

"Moshi hauna mabega, baba. Pembe nne zitauumiza wapi?"

Kanuni akasema katika maisha yake hajaona gari lenye ekzosi ya mraba. Nondo akamjibu kwamba katika maisha yake hajaona gari kabisa, ameona karatasi zake tu, na kwamba hilo si geti la hivi hivi, ni geti la daktari.

Ikabidi niingilie, maana jambo hili mimi nimelifikiria nikiwa nanyoa, na mtu anayefikiri akiwa na wembe hufikiri kwa makini. Nikawaambia wasahau unene kwanza, waangalie moshi unavyotoka. Nyumbani kwetu tulizaliwa sita na tulikuwa na choo kimoja. Silinda ni hivyo hivyo. Ni ndugu sita waliopanga foleni, kila mmoja ana moshi wake wa kutoa, lakini hawatoki kama walivyosimama. Akitoka wa kwanza anafuata wa tano, kisha wa tatu, wa sita, wa pili, ndipo wa nne.

"Kwa nini wasifuate foleni?" akauliza Nondo.

"Injini isitetemeke. Ndivyo mama yao alivyopanga."

"Mama mwenye utaratibu," akasema Kanuni kwa heshima.

Nikaendelea. Ukiwapa choo kimoja, huyu hajatoka, huyu anagonga mlango, na nguvu yote ya nyumba inaishia kwenye kusukumana. Wape viwili: watatu wa mbele wana chao, watatu wa nyuma wana chao. Sasa hesabuni zamu. Wa kwanza ni wa mbele, wa tano ni wa nyuma, wa tatu mbele, wa sita nyuma, wa pili mbele, wa nne nyuma. Hakuna hata mara moja watu wa choo kimoja wanafuatana. Mabomba mawili yatoke kwenye injini, yaungane chini ya gari kuwa moja, mbele ya sailensa.

Lilikuwa wazo zuri na sote tulilijua, ndiyo maana tukaliharibu haraka. Kanuni akauliza kama choo cha pili kina kibali. Spika akataka kujua baba wa watoto hao anajisaidia wapi. Nusu saa nzima ikaishia kwenye swali la nani kifungua mimba, yule aliye karibu na rejeta au yule aliye karibu na miguu ya dereva, na Nondo akadai kwamba katika kila familia wa tano ndiye mwizi.

Hapo simu ya Mzee Saa ikalia kule kibarazani. Aliusoma ujumbe mara moja, akausoma tena, lenzi ikamtoka jichoni ikaingia kwenye kikombe. Hakuitoa. Alishuka akampa Kanuni simu dirishani, na Kanuni akasoma kwa ile sauti yake ya ofisini, ambayo iliishiwa nguvu katikati:

"Nimestaafu. Jumamosi saa nne asubuhi nakuja kuchukua gari langu. Chumba cha kujifungulia nimeshakiezeka, na akina mama wa huku hawana cha kuwabeba. Nikikuta bado halina ekzosi, usiniite dada tena."

Mnadhani tulishtuka? Kanuni alisema haraka haraka haina baraka, akapendekeza kamati. Spika akakubali kuwa mwenyekiti. Mimi, naona aibu kusema, nilipendekeza Nondo awe mweka kumbukumbu.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na siku hiyo ndipo tulipousikia. Mzee Saa hakupaza sauti. Alishika mlango wa gari kwa mikono miwili akasema:

"Mama yetu alikufa nikiwa na miaka sita. Aliyenifundisha kusoma saa ni huyo dada, kwenye saa ya ukutani ya wodi, nikimsubiri amalize zamu. Alinilisha, akanisomesha ufundi, hajaniomba kitu maishani isipokuwa bomba. Bomba, jamani. Nyinyi ni wapishi wengi, na mchuzi unaoharibika ni wangu."

Hakuna aliyemtazama. Spika alikuwa akichunguza kucha zake kama anazinunua.

"Nataka vyoo viwili vya kinyozi," akaendelea Mzee Saa, "viungane kuwa bomba moja la duara, Nondo, la duara, liingie kwenye sailensa kubwa, litokee nyuma bila neno. Mama mwenye uchungu hahitaji muziki."

Spika akauliza kwa sauti ndogo kama haiwezekani kubakiza japo besi kidogo. "Bila neno," akarudia Mzee Saa. Basi, jambo lililotushinda miaka kumi na moja likamalizika kabla kahawa haijapoa.

Nondo hana ubaya akishaamriwa. Alikwenda kuchukua futi yake ya mageti na kipande cha boksi la kulalia, akatuomba tushuke apime. Tukakataa. Tulimwambia yeye yuko chini, sisi tuko juu, nani anamkera mwenzake? Kanuni akaongeza kwamba hajamaliza ukurasa wa michezo. Sababu yenyewe ilikuwa nyingine. Kila mmoja wetu alihisi kwamba siku za viti vile zimehesabiwa, na katika siku kama hizo anayenyanyuka anaweza asikikute alichokiacha.

Nondo akajitumbukiza chini, tukasikia futi ikilia. Baada ya muda akapiga kelele kutoka huko kwamba bomba la zamani lilipita juu ya ekseli ya nyuma, kile chuma kinachounganisha magurudumu, lakini yeye anaona huko juu pamebana sana, hata kidole hakipiti. Pasingebana vipi, wakati juu yake alikuwa amekaa Spika, na nyuma ya Spika buti zima la sumaku? Lakini hilo halikumjia yeyote kichwani. Tulimwambia alipitishe chini ya ekseli basi, nafasi ya kidole ikibaki inatosha, na Nondo akaandika vipimo kwenye kiganja.

Jumatano na Alhamisi alichomelea kweli. Nilimwona kwa macho yangu, mashine haikupumzika hata mara moja, na mabomba yake mawili yalipoungana kuwa moja yalipendeza hata nikasahau kumwekea mteja poda. Ijumaa mchana akalifunga lote chini ya gari, sisi tukiwa tumekaa humo humo. Mzee Saa alikuja kuwasha. Kanuni hakumpisha, kwa hiyo mzee wa watu alipitisha mkono dirishani, mbele ya tumbo la Kanuni, akazungusha ufunguo.

Gari halikunguruma. Lilipumua. Silinda sita zilipita moja moja kwenye vyoo vyake kwa adabu, na kilichosikika nyuma ni pumzi ya mtu aliyelala vizuri. Palikuwa kimya hata tukazisikia saa za Mzee Saa zikigonga kibarazani, kila moja na wakati wake. Spika, adui wa sailensa, aligeuza uso dirishani akasema vumbi limemwingia. Miaka yote hiyo nilikuwa nakalia kitu kizuri namna ile na sikukijua.

Jumamosi saa nne kamili mkunga akafika. Ni mwanamke mfupi, viatu bapa vyeupe, mkoba mmoja begani. Alisimama mbele ya gari lake akatutazama mmoja mmoja kupitia kioo.

"Hawa ni akina nani?"

"Ni washauri, dada," akasema Mzee Saa.

"Wa nini?"

"Wa ekzosi."

"Shukeni," akatuambia.

Hakusema kwa ukali. Lakini sauti ile imekwishaamrisha watu waliokuwa kwenye maumivu kuliko sisi, na wote walitii. Tulishuka. Shangazi akakusanya vikombe vyake. Spika akaanza kutoa mali yake kwenye buti, spika moja, ya pili, ya tatu, mpaka kibaraza kikajaa, na kwa kila moja gari likainuka kidogo kama punda anayetuliwa mzigo. Tuliona likiinuka. Tukaona tu, kama watu wanaotazama mambo ya wengine.

Mkunga akaingia, akarekebisha kiti ambacho Kanuni alikuwa amekilaza, akawasha. Kukatoka chini sauti ya mtu anayegonga geti la chuma kwa ufunguo: ta-ta-ta-ta-ta, mfululizo, mpaka vioo vikaitikia.

Akazima. Akamgeukia mdogo wake.

"Miaka kumi na moja, mdogo wangu."

Mzee Saa akaificha nyuma mikono yake, ile isiyokosea hata ikishika skrubu isiyoonekana. Nimeona watu wengi wakitazama kioo changu baada ya kunyolewa vibaya, lakini sijawahi kuona uso kama ule, na nilitamani ardhi inimeze pamoja na kijiwe chote.

Nondo alikuwa amekwisha kujitumbukiza chini. Akatoka na doa la masizi puani.

"Bomba linagusa ekseli. Jana halikuwa linagusa, naapa."

"Jana palikuwa na nini ambacho leo hakipo?" akauliza mkunga, kwa sauti ile wauguzi wanayoulizia mgonjwa amekula nini.

Tukatazamana. Shangazi ndiye aliyetuonyesha kwa kidole, sisi wote, kwa mpigo mmoja.

Mkunga akafanya kazi yake. Aliwasha gari likigonga vile vile, akatupandisha mmoja mmoja na kusikiliza. Kanuni akapanda mbele. Ta-ta-ta-ta. Akashushwa.

"Hakuna tofauti," akasema mkunga.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, baba."

Kanuni aliumia. Miaka thelathini ya mihuri, na gari halikumsikia. Mimi nilipopanda nyuma mgongano ulipungua kidogo, nikajisikia mtu. Spika alipopanda ukapungua mno, ukabaki wa kunong'ona. Spika zake ziliporudishwa kwenye buti, gari likapumua kama Ijumaa. Kumbe Nondo alilipima bomba tukiwa tumelikandamiza gari. Sisi tukishuka, mwili wa gari unapanda, na bomba linapanda nao mpaka linajibana kwenye ekseli iliyobaki chini.

Furaha tuliyoipata sisi haielezeki. Spika alijinyoosha kitini akatangaza kwamba gari haliwezi kwenda bila sisi, na kwamba hayo si makosa ya fundi, ni mipango ya Mungu. Tukaanza kupanga safari. Kanuni, ambaye hakuhitajika, alidai kiti cha mbele kwa ajili ya uongozi. Mimi nilikuwa nimeshaamua kufunga banda wiki nzima. Nondo peke yake, kwa uaminifu wa fundi aliyejisikia vibaya, alisema anaweza kulikata bomba na kulipitisha juu ya ekseli, siku mbili tu, isipokuwa kuna namna mbili za kulikunja. Spika akasema ziko tatu.

Mkunga akainua mkono, kama anavyomzuia mume kwenye mlango wa wodi.

"Basi. Msijadili tena. Nina akina mama wawili wa mwezi huu wananingoja." Akamgeukia Spika. "Una kilo ngapi, baba?"

"Tisini."

Shangazi akakohoa.

"Mia na kumi," akasema Spika.

"Na wewe?"

"Sitini," nikasema.

Mzigo wa kwenye buti aliukisia themanini kwa kuinua spika moja tu, mikono yake imezoea kupima. Kisha akavuka barabara. Ng'ambo kuna muuza vifaa vya ujenzi, tunamwona kila siku na hatukuwahi kumfikiria. Alirudi na wachukuzi wawili na mifuko mitano ya mchanga, ya kilo hamsini hamsini. Akasema sakafu ya chumba chake ilikuwa inahitaji mchanga hata hivyo.

Miwili ikaingia kwenye buti. Mitatu ikaingia kiti cha nyuma: miwili ilikaa mahali pa Spika, mmoja mahali pangu. Wangu ulibanwa dirishani, umekunjwa shingo, nikauhurumia kwa dhati.

"Na nafasi yangu?" akauliza Kanuni.

"Wewe tulishaona, baba."

Akawasha. Kimya. Pumzi ya mtu aliyelala vizuri. Mkunga alitegea sikio muda mrefu, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza, akampigapiga mdogo wake begani kupitia dirishani, akamwambia afunge meza yake wakaione nyumba. Mzee Saa aliweka saa za watu kwenye mkebe, akazunguka gari, akaketi mbele, na akafunga mlango taratibu sana. Hakutuaga kwa maneno. Aliinua kidole kimoja tu, na sikumlaumu.

Dada yake ndiye aliyetuaga. Alisema, "Asanteni kwa ushauri," akatia gia.

Tulisimama barabarani tukiangalia. Mpaka gari linakata kona, mifuko ile mitatu ilikuwa imekaa kwenye viti vyetu wima, na haikuwa imebishana hata kidogo.

Pale lilipokuwa pamebaki udongo mkavu, vifuniko vya chupa na kitana changu nilichokitafuta miaka minne. Shangazi alizunguka na vikombe mkononi bila mahali pa kuviweka, akatugawia tunywe tukiwa tumesimama. Kanuni alianza kutueleza kwamba kisheria mchanga hauruhusiwi kwenye kiti cha abiria. Lakini tuligundua jambo siku hiyo: mjadala wa kusimama hauna maisha. Dakika tano magoti yanauma. Nondo akaenda kwenye mageti yake, Kanuni akakunja gazeti akaelekea nyumbani, nami nikamnyoa mtu mpaka mwisho bila kutoka nje, akashangaa kuliko mimi.

Saa tisa Mzee Saa alinipigia. Walifika salama, njia nzima kimya. Mchanga ulishashushwa, na dada aligeuza gari papo hapo, akawapakia akina mama wajawazito watatu kiti cha nyuma na virago vyao kwenye buti, kuwapeleka kliniki.

"Gari linagonga?" nikamwuliza.

"Haligongi. Linapumua tu." Kisha akaongeza, "Nimemwita dada, kinyozi, na ameitika."

Nikatoka nje kumpa habari Spika, aliyekuwa bado anahamisha mali yake kwa kichwa, moja moja, kwenda chumba alichopata cha kupanga. Alishusha ile aliyobeba, akafuta jasho, akafikiri.

"Nyuma wako wangapi?"

"Watatu."

"Na kila mmoja ana wake tumboni."

"Ndiyo."

"Basi umeona," akasema kwa fahari. "Imebidi watu sita ndiyo kijae kiti chetu."

Akajitwisha spika yake, akaenda zake.